Ngome zilizoachwa katika Oblivion na Skyrim: zipi ni magofu tu, na zipi ni mahame ya kweli?

Mleta mada

Wakuu, salaam. Tangu Oblivion, ule mchezo wa kompyuta, ilipotolewa upya mwezi Aprili 2025 nimekuwa nikiicheza usiku baada ya kazi, na kwa kuwa Skyrim nimekwisha kuimaliza mara tatu, nimejikuta nikilinganisha jambo ambalo zamani nililipita mbio, yaani ngome zilizoachwa. Michezo yote miwili ya kampuni ya Bethesda imejaa ngome hizo. Unatoka mjini, unafuata barabara, unaona mnara uliovunjika kichwa juu ya kilima, unapanda, unawaua waliomo, unafungua sanduku, unaondoka. Swali langu ni kwa nini baadhi yake bado ninazikumbuka chumba kwa chumba baada ya miaka mingi, ilhali nyingine siwezi kuzitofautisha hata nikiwa nimesimama ndani yake.

Kiswahili kina maneno mawili yanayonifaa hapa. Gofu ni jengo lililobaki kuta. Hame ni mahali palipohamwa: palikaliwa na watu, watu hao wakaondoka kwa sababu fulani, na wewe unayefika baadaye unaliona pengo lao. Hame huweza kuwa na magofu ndani yake, lakini si kila gofu ni hame. Dai langu ni kwamba ngome nyingi za Oblivion ni magofu yasiyopata kuwa mahame, kwa sababu hakuna aliyehama. Zilizaliwa zikiwa zimevunjika.

Tuanze na Cyrodiil, nchi ya mchezo wa Oblivion wa mwaka 2006. Ukitoka tu kwenye mfereji wa maji machafu mwanzoni mwa mchezo, ng'ambo ya maji unaliona gofu jeupe la Vilverin, lililojengwa na Ayleid, watawala wa kale wa nchi hiyo. Juu wamepiga kambi majambazi, na chini kabisa wanatembea wafu. Magofu ya Ayleid siyalalamikii, kwa kuwa yana kisa kinachoeleweka: walikuwa mabwana wa watumwa, watumwa wakaasi wakiongozwa na Alessia, na kufikia mwaka wa 243 wa Enzi ya Kwanza mnara wao mkuu ukawa umetoka mikononi mwao. Ukiingia na kukuta mawe ya Welkynd yakiwaka gizani bila mtu wa kuyatazama, unaona taa ambazo mwenyewe hakupata nafasi ya kuzizima.

Ngome za Dola, yaani milki inayotawala nchi hizi, ndizo zinazonishinda. Jiwe ni lile lile la kijivu, mlango ni ule ule wa mbao, ndani kuna ukumbi, ngazi, shimo lenye miiba, gogo linalobembea kukupiga kifua, na sanduku lenye sarafu chache. Nani aliijenga, dhidi ya nani, na aliondoka lini? Wiki iliyopita umeme ulikatika nikiwa katikati ya ngome moja karibu na mji wa Chorrol, na kwa kuwa nilikuwa nimezima uhifadhi wa kujiendesha, rekodi yangu ya mwisho ilikuwa ya mjini. Umeme uliporudi nikapanda tena kilimani, nikaingia, nikapigana karibu nusu saa, ndipo nikagundua kwamba nimeingia ngome nyingine kabisa. Hakuna kitu hata kimoja kilichokuwa kimenishtua kwamba nimepotea.

Waliomo nao hawasaidii. Katika Oblivion ya zamani adui alipanda kiwango pamoja nawe, kwa hiyo ukishakuwa shujaa mkubwa unakutana na jambazi aliyevaa deraya ya kioo, mojawapo ya deraya za bei kubwa katika nchi nzima, halafu jambazi huyo analala gofuni na kukudai sarafu mia moja njiani. Mtu mwenye mali kiasi hicho mgongoni angekuwa amepanga nyumba mjini zamani.

Zipo zinazojitenga, nami sitaki kuzinyima haki. Fort Grief, iliyo kisiwani katika ghuba ya Niben, unapelekwa na mkopeshaji wa Bravil aitwaye Kurdan kwa kisingizio cha kutafuta shoka la jadi. Ukifika unamkuta Aleron Loche, mtu mwenye deni, ndipo mnagundua kwamba ngome hiyo ni uwanja wa watu wanaolipa ili wawinde binadamu. Fort Farragut nayo, karibu na Cheydinhal, ni makao ya Lucien Lachance wa Dark Brotherhood, kundi la wauaji wa kukodiwa, yakilindwa na mifupa inayotembea. Hizi mbili nazikumbuka, lakini angalieni sababu: ninakumbuka anayezitumia sasa. Aliyeziacha hakuna anayemtaja.

Skyrim, iliyotoka tarehe 11 Novemba 2011, inakwenda hatua moja mbele, kwa sababu uchakavu wake una tarehe. Dola imetoka kupigana Vita Kuu na Thalmor, watawala wa milki hasimu, kuanzia mwaka wa 171 hadi 175 wa Enzi ya Nne, na mchezo unaanza mwaka wa 201 wa enzi hiyo hiyo, jeshi likiwa limepungua na nchi ikiwa imegawanyika. Ngome tupu kando ya barabara kuu ni taarifa ya hali ya serikali kuliko hotuba zote za Ulfric, kiongozi wa waasi, na Tullius, jenerali wa Dola. Nendeni Fort Dunstad, kusini ya mji wa Dawnstar. Barabara inapita katikati ya ngome yenyewe, hivi kwamba anayeishika ngome ameushika mji. Ndani ya kuta hizo kuna kilabu cha pombe chenye jina lake, Stumbling Sabrecat, chenye kaunta na viti. Majambazi wanakinywea sasa, lakini si wao waliokianzisha. Mtu hafungui kilabu mahali asipotegemea wateja wa kila siku, kwa hiyo pale palikuwa na kikosi kizima chenye mshahara wa kutumia, na sasa hakipo. Hilo ndilo hame.

Ngome iliyo bora kuliko zote kwangu ni Fort Frostmoth ya kisiwa cha Solstheim, na ubora wake umetokana na subira ya miaka tisa. Waliocheza Bloodmoon ya mwaka 2003, nyongeza ya Morrowind, mchezo uliotangulia Oblivion, waliikuta ikiwa hai. Unashuka mashuani, unamkuta Kapteni Falx Carius, na mojawapo ya kazi za kwanza anazokupa ni kuchunguza kwa nini pombe ya askari imetoweka na kikosi kinanung'unika. Katika Dragonborn ya mwaka 2012, nyongeza ya Skyrim, unarudi kisiwani hapo baada ya karne mbili za mchezo, volkano ya Red Mountain ikiwa ililipuka mwaka wa 5 wa Enzi ya Nne, na ngome ile ile imezama kwenye majivu. Viumbe wa majivu wanaushambulia mji wa Raven Rock, mwilini mwa mmoja unakuta waraka wa kijeshi, na Kapteni Veleth anakuambia kwamba aliyeuandika ni mtu aliyekufa karibu miaka mia mbili iliyopita. Ndani unamkuta Carius mwenyewe, amefufuliwa kwa jiwe lililotiwa kifuani, bado anatoa amri. Mimi niliingia pale nikitafuta mahali askari walipokuwa wakinung'unikia pombe. Sijawahi kutafuta kitu cha namna hiyo katika ngome yoyote ya Cyrodiil.

Naomba michango, hasa ya wanaonipinga.

Mchangiaji wa pili

Mleta mada, nusu ya hoja yako naikubali na nusu naipinga. Ninayoikubali naweza kukuongezea sababu za kiufundi. Katika mkutano wa wabunifu wa michezo wa GDC mwaka 2013, Joel Burgess na Nathan Purkeypile wa Bethesda walieleza jinsi walivyojenga mapango, makaburi na ngome za Skyrim kwa vipande vinavyoungana, mithili ya matofali ya kuchezea watoto: ukuta, kona, ngazi, mlango, vyote kwa vipimo vinavyolingana ili kipande kimoja kikae popote. Wabunifu wa maeneo walikuwa wanane na wasanii wa vipande wawili. Oblivion ilikuwa na mikono michache zaidi katika kazi hiyo. Walizungumzia pia uchovu unaompata mchezaji akikutana na kipande kile kile mara nyingi, mpaka jicho likaacha kuona ukuta na kuanza kuona kipande. Hicho ndicho kilichokukuta karibu na Chorrol. Ulikuwa umeacha kuona ngome.

Ninayoipinga ni kwamba ngome za Cyrodiil hazina sababu ya kuachwa. Sababu ipo, na ni kubwa mno hata haionekani. Oblivion inatukia mwaka wa 433 wa Enzi ya Tatu. Maana yake ni kwamba karne nne na zaidi zimepita tangu Tiber Septim aunganishe bara zima, na Cyrodiil ikawa kitovu cha Dola badala ya mpaka wake. Ngome iliyo katikati ya nchi, iliyozungukwa na majimbo ya mfalme yule yule, inamlinda nani dhidi ya nani? Askari walihamishiwa mipakani, paa likavuja, hakuna aliyetoa fedha za kuliziba. Wewe unatafuta msiba katika kila ngome, kumbe zile zilifungwa kwa sababu ya amani. Kisha milango ya Oblivion, ulimwengu wa mashetani, inafunguka, na nchi iliyosahau kukarabati ngome zake inakimbilia kuta za miji tu. Mimi hilo linanitisha kuliko majivu ya Frostmoth.

Mleta mada

Mkuu, hoja ya amani ni nzito na sikuwa nimeifikiria. Hata hivyo, ona kwamba umeipata kwa kuhesabu miaka, hukuipata kwa kutembea ndani ya ngome. Kama amani ndiyo iliyowaondoa, ningetarajia kuona ngome iliyofungwa kwa utaratibu: rafu zilizoondolewa vitu, ghala lililofagiwa, amri ya kuhama iliyosahaulika mezani. Badala yake ninakuta mnara umeporomoka kana kwamba umepigwa kombora. Amani haivunji mnara.

Mchangiaji wa pili

Mvua huvunja. Miaka mia nne ya mvua na mizizi huvunja kila kitu. Lakini amri ya kuhama iliyosahaulika mezani nakupa, hiyo wangeweza kuiweka.

Mchangiaji wa tatu

Mimi ni fundi ujenzi, kwa hiyo jicho langu linakwenda kwenye mawe kabla ya hadithi. Kinachonisumbua katika michezo hii miwili ni kwamba mawe yaliyoanguka bado yapo pale pale chini ya ukuta yalikoanguka. Jiwe lililokwisha kuchongwa ni fedha. Katika nchi yoyote yenye wakulima, ngome ikishakosa mlinzi, mawe yake huanza kuhama usiku na mchana: hili linakuwa kizingiti, lile linakuwa ukuta wa zizi, na baada ya vizazi vitatu imebaki misingi tu. Skyrim ina mashamba na vinu hatua chache kutoka kwenye magofu haya, na watu wanajenga kwa mbao kana kwamba hawajayaona.

Jambo la pili ni kwamba jengo imara lenye kuta nene halikai bure. Fort Jesus ya Mombasa ilijengwa na Wareno kati ya 1593 na 1596, Waomani wakaitwaa mwaka 1698, na kuanzia 1895 hadi 1958 Waingereza waliitumia kama gereza. Kila aliyekuja alikuta matumizi. Skyrim inaligusa hilo kidogo, kwa mfano Fort Neugrad na Fort Kastav, ambako katika vita vya wenyewe kwa wenyewe unatumwa kuwaokoa wafungwa. Neugrad unapenya kwa njia ya pango la majini na kutokea jela. Zile nilizipenda kwa sababu ngome ina kazi, na kazi yenyewe inaeleza kwa nini mlango uko hapa na mlinzi amesimama pale. Ngome isiyo na kazi mimi naiona kama jengo ambalo mwenye fedha alikimbia kabla ya kuezeka.

Mchangiaji wa nne

Naomba kuuliza swali ambalo huenda ni la kitoto. Katika makaburi ya kale ya Skyrim, kama Bleak Falls Barrow, unafungua mlango uliokuwa umefungwa kwa fumbo kwa maelfu ya miaka, na nyuma yake mishumaa inawaka. Nani aliiwasha? Kama tunazungumzia pengo la walioondoka, mishumaa hiyo inaliharibu lote.

Mchangiaji wa pili

Si swali la kitoto, na jibu lipo ndani ya mchezo wenyewe, katika kijitabu cha msomi aliyejifungia kaburini kuwachunguza Draugr, wafu wanaotembea wa makaburi hayo. Aliona wakiamka kwa zamu, wakienda kusujudu mbele ya jeneza la kuhani wao, kisha wakipasafisha mahali hapo kabla ya kurudi kulala. Kwa hiyo kaburi lile si hame hata kidogo. Wenyeji wapo nyumbani, na wewe ndiye uliyeingia bila hodi.

Mchangiaji wa tano

Nashangaa hakuna aliyetaja Frostflow Lighthouse. Si ngome, ni mnara wa taa katika pwani ya kaskazini, lakini kwa kipimo cha mleta mada cha kumtambua aliyekuwapo, hakuna mahali panapoufikia. Mwanamume aitwaye Habd amehamia pale na mkewe Ramati na watoto wao wawili, Mani na Sudi. Unaingia na kumkuta mke amelala sakafuni, amekufa. Daftari zimetapakaa, kila mtu na lake, nawe unazisoma bila mpangilio, kama mtu anayeingia kwenye nyumba yenye msiba na kuokota habari kwa huyu na kwa yule. Kulikuwa na kelele za kukwaruza chini ya ghala, wakadhani ni panya wakubwa. Kumbe Falmer, viumbe vipofu wa chini ya ardhi, walikuwa wakichimba kutoka chini.

Mpwa wangu wa miaka kumi na minne alikuwa ameketi pembeni. Michezo hii haina Kiswahili, na Kiingereza cha daftari zile kilimzidi, kwa hiyo nilikuwa nikimsomea nikitafsiri papo hapo. Nilipofika kwenye maandishi ya Sudi niliruka mistari, akanigundua kwa sababu nilinyamaza muda mrefu kuliko karatasi yenyewe. Akaniambia, "Mjomba, soma yote." Nikasoma yote.

Habd aliandika kwamba akifa angependa mabaki yake yachomwe katika moto wa mnara, ili aendelee kuitazama bahari. Mabaki hayo unayapata mbali sana chini ya ardhi, tumboni mwa mdudu mkubwa wa Falmer. Hakuna anayekutuma kuyarudisha na hakuna alama kwenye ramani. Ukipanda juu na kuyatia motoni unapata baraka ndogo ya kuongeza nguvu za uponyaji, asilimia 10 tu. Mpwa wangu alishikilia tupande.

Mleta mada

Ndugu, nakiri kwamba mnara ule nilikuwa nimeusahau, na sasa naona aibu. Umenikumbusha lalamiko ambalo nililiacha nje ya mada. Ukishawaua wote waliomo, ramani ya Skyrim inaandika kwamba mahali pale pamesafishwa, lakini baada ya siku 30 za mchezo panajazwa upya, na majambazi wale wale wamekaa viti vile vile. Katika Oblivion ya zamani zilikuwa siku tatu tu. Najua sababu yake, mchezaji anahitaji mahali pa kupigana. Lakini hame linalojijaza kama birika linaacha kuwa hame. Katika ngome hizi hakuna anayekumbuka chochote. Bendera zinabadilika, jambazi anakuja, askari anakuja, jambazi anarudi, na hakuna shahidi hata mmoja anayeweza kukuambia nani alikuwapo kabla yako.

Mchangiaji wa sita

Mkuu, samahani kwa kuchelewa kuingia kwenye uzi, lakini sentensi yako ya mwisho si kweli, na ninashangaa kwa mtu aliyemaliza Skyrim mara tatu. Shahidi yupo. Yuko Fort Greymoor, magharibi ya Whiterun, ngome ambayo kwa nje ni ya kawaida kabisa. Ndani kuna bibi mmoja anaitwa Agnis. Hana silaha na hana upande. Kazi yake ni kupika na kufagia, na ukizungumza naye anakueleza kwamba wenye ngome huja na kuondoka, leo majambazi, kesho askari, na yeye hubaki pale pale akiendelea na kazi zake kwa yeyote aliyepo. Ukiwaua majambazi wote mbele yake, anachojali ni nani atakayehamia baada yao.

Kwa hiyo ngome ile, kwa kipimo chako mwenyewe, haijawahi kuwa hame. Wanaume wenye mapanga wamehama mara nyingi. Mwenye ufagio hajahama hata mara moja. Wengi hawamjui kwa sababu wanaingia wakirusha mishale na kutoka wakihesabu sarafu. Mleta mada, ulipopita Greymoor mara zote tatu, hukumwona?

Mleta mada

Nilimwona, mkuu. Imenibidi niende nikafungue rekodi zangu za zamani kabla ya kukujibu. Agnis ni mmoja wa watu ambao Nazir wa Dark Brotherhood anakupa majina yao ili ukawaue kwa malipo. Mara ya kwanza nilimpiga mshale kutoka mlangoni, alikuwa ameinama. Mara ya pili na ya tatu nilifanya haraka zaidi, kwa kuwa nilikwisha kujua alipo. Sikuwahi kubonyeza kitufe cha kuzungumza naye.

Ninaanza upya leo usiku. Nazir akinipa jina hilo, nitalikalia.